Kupunguza Vyakula vya Pakiti Jikoni: Mwongozo Kamili kwa Kaya za Mtwara na Lindi

Kuanzia Oktoba, minnada ya korosho inapofunguliwa na fedha za wakulima kuanza kuingia kupitia vyama vya msingi, maduka ya Tandahimba, Newala na Masasi hubadilika sura. Makreti ya soda hupangwa mpaka barazani, katoni za biskuti na tambi za kuivisha haraka hujazana mpaka juu, na mtoto ambaye mwezi Machi alikwenda shule na kipande cha muhogo wa kuchemsha sasa huondoka nyumbani na sarafu mkononi. Kaya hiyo hiyo imeuza korosho, ufuta na mbaazi, yaani vyakula vitatu ambavyo mtaalamu wa lishe angetamani kuviona katika kila sahani, kisha imenunua unga wa ngano, sukari na mafuta vilivyofungwa kwenye karatasi inayong'aa. Simlaumu mkulima kwa kuuza, kwa kuwa bati na ada ya shule havilipwi kwa mbaazi. Ninachosema ni kwamba sehemu ya mavuno inaweza kubaki jikoni, na kwamba kazi hiyo ina hatua zake, zinazoanza na kujua ni vyakula gani hasa vya kupunguza, kwa sababu si kila kitu cha dukani ni kibaya na si kila kitu cha nyumbani ni kizuri.

Hatua ya kwanza: tenganisha usindikaji na usindikaji

Mama anayeanika muhogo ukawa makopa anasindika, mvuvi wa Mikindani anayemtia samaki chumvi na kumwanika anasindika, na kiwanda kinachotengeneza vipande vyekundu vya mahindi vyenye ladha ya kuku ambaye hakuwahi kukaribia kiwandani nacho kinasindika. Neno ni moja, kazi ni tofauti kabisa. Ili kuzitenganisha, mwaka 2009 mtafiti Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo nchini Brazili alipendekeza kwamba chakula kipangwe kwa kuangalia kimesindikwa vipi na kwa madhumuni gani, badala ya kuhesabu virutubisho peke yake. Mpango huo unaitwa NOVA na una makundi manne.

Katika kundi la kwanza wamo muhogo, ming'oko (viazi vya porini vya huku Kusini), mtama, kunde, mbaazi, samaki wabichi, mayai, nazi, korosho, matunda na mboga za majani, hata kama vimekaushwa, vimesagwa au vimegandishwa bila kuongezwa kitu. Kundi la pili ni vitu vya kupikia ambavyo havilwi peke yake, kama mafuta, chumvi na sukari. Kundi la tatu hupatikana pale vitu vya kundi la pili vinapotiwa katika vya kundi la kwanza: ng'onda (samaki wa chumvi waliokaushwa), samaki wa kopo, na mkate wa mwokaji anayetumia unga, maji, hamira na chumvi tu. Kundi la nne ndilo la vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi. Humo mna soda, vinywaji vya kuongeza nguvu, juisi za unga, biskuti, pipi, krisipi, soseji, tambi zenye kijifuko cha kiungo, vipande vya kiungo cha mchuzi, na sehemu kubwa ya mikate laini ya kiwandani inayokaa wiki nzima bila kukauka.

Kitambulisho cha kundi hili ni viungo ambavyo hakuna jiko la nyumbani linaloviweka kabatini: ladha za kutengenezwa, rangi, vitu vya kuunganisha maji na mafuta, vitamu visivyo sukari, sirapu ya glukosi, maltodekstrini, mafuta yaliyoongezwa hidrojeni. Kihifadhi peke yake hakitoshi kuhukumu, na tarakimu inayoanza na herufi E si tangazo la sumu. E300, kwa mfano, ni vitamini C.

Hapa watu wengi huuliza kuhusu maandazi, vitumbua na chipsi mayai. Kwa mpango huu, vitu hivyo havimo katika kundi la nne, kwa sababu aliyevipika alianza na unga, mchele, viazi na mayai. Hiyo haimaanishi kwamba chipsi zilizokaangwa katika mafuta yaliyotumika tangu juzi mpaka yakawa meusi ni chakula chema. Ni tatizo lingine, lenye mjadala wake. Vilevile, unga wa mahindi ulioongezewa madini na vitamini kwa sheria haugeuki kuwa adui kwa sababu ya nyongeza hiyo. Tena kuna jambo linalotuhusu sana sisi wa pwani ya Kusini: chumvi inayovunwa katika mashamba yetu madogo ya chumvi mara nyingi haina madini joto, na mikoa ya Lindi na Mtwara imekuwa miongoni mwa ile iliyo nyuma katika matumizi ya chumvi yenye madini hayo. Kwa chumvi, basi, ya pakiti yenye maandishi ya madini joto ndiyo ya kununua, hasa katika nyumba yenye mjamzito.

Hatua ya pili: jua ushahidi unasema nini, na unaishia wapi

Jaribio linalotajwa zaidi lilichapishwa mwaka 2019 na Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Watu wazima 20 walikaa ndani ya kituo cha utafiti kwa wiki nne. Kwa wiki mbili walipewa milo iliyosindikwa kupita kiasi, na kwa wiki mbili nyingine milo iliyopikwa kutokana na vyakula halisi. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa nishati, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliachiwa ale kiasi alichotaka. Walipokuwa kwenye vyakula vya kiwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka uzito wa kilo 0.9, walipokuwa kwenye vyakula halisi walipungua kiasi kama hicho. Walikula pia kwa kasi zaidi, jambo ambalo linaeleza mengi, kwa kuwa chakula laini kisichohitaji kutafunwa hushuka kabla tumbo halijapata nafasi ya kusema limetosheka. Yeyote aliyewahi kumaliza pakiti ya biskuti akiwa anazungumza, kisha akajaribu kumaliza ming'oko ya uzito uleule, anaijua tofauti hiyo bila kwenda maabara.

Watu 20 ni wachache na wiki nne ni muda mfupi. Ushahidi mwingine mwingi unatokana na kufuatilia makundi makubwa ya watu kwa miaka, na mapitio ya tafiti za aina hiyo yaliyochapishwa mwaka 2024 katika jarida la BMJ, yaliyohusu karibu watu milioni 10, yaliuhusisha ulaji mwingi wa vyakula hivi na madhara mengi ya kiafya, ushahidi wenye nguvu zaidi ukiwa juu ya vifo vya magonjwa ya moyo, kisukari cha aina ya pili na matatizo ya wasiwasi. Uhusiano si sawa na uthibitisho wa chanzo, na wanasayansi bado wanabishana ni kitu gani hasa kinachodhuru: sukari na chumvi nyingi, ukosefu wa nyuzinyuzi, viambato vyenyewe, au vyote kwa pamoja. Lakini vitu viwili havina utetezi mkubwa. Kimoja ni vinywaji vyenye sukari. Kingine ni nyama za kusindika kama soseji, ambazo mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliziweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, likikadiria kwamba kula gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni ya Ulaya. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania alikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu asilimia 9 walikuwa na kisukari.

Hatua ya tatu: tundika kiroba ukutani

Usibadili chochote kwa wiki moja. Chukua kiroba kitupu, kitundike karibu na jiko, na uiambie kaya nzima kwamba kila pakiti, kifuniko cha soda na karatasi ya pipi itiwe humo badala ya kutupwa uani. Siku ya nane mwaga vyote juu ya mkeka, vipange kwa aina, kisha uhesabu idadi na fedha. Nimeona zoezi hili likifanya kazi kuliko hotuba yoyote, kwa sababu hakuna anayeweza kubishana na mkeka. Katika nyumba yetu nilikuwa nimejiandaa kuwalaumu watoto. Mkeka ulionyesha kwamba vifuniko vingi zaidi vilikuwa vyangu.

Hesabu ya fedha ifanywe kwa mwezi. Tuseme mtu mmoja anakunywa soda ya shilingi 700 kila siku. Kwa siku 30 ni shilingi 21,000. Andika kiasi chenu halisi ukutani kwa mkaa au chaki, kwa kuwa ndicho kitakachogharamia hatua zinazofuata, na usichague zaidi ya vitu vitatu vya kushughulikia kwanza. Vichague vile vinavyorudiwa kila siku. Keki ya siku ya kuzaliwa haina uzito wowote katika hesabu hii.

Hatua ya nne: soma lebo kwa kufuata mpangilio

Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kile kilicho kingi kikitangulia. Kwa hiyo ukiona sukari ni ya kwanza au ya pili katika pakiti ya unga wa kinywaji kinachodaiwa kuwa cha kujenga mwili, umenunua sukari yenye ladha. Lebo nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini kijana wa sekondari anaweza kuzisoma, na kuna alama nyepesi ya kukumbuka: majina mengi ya sukari katika lugha hiyo huishia na herufi o-s-e. Siku moja nilimuuliza muuza duka wa mtaani kwetu, "Shangazi, hii juisi ya embe ina embe?" Akanijibu bila kuinua macho kwenye daftari la madeni, "Soma mwenyewe, mwanangu. Mimi nauza tu." Nilisoma. Kulikuwa na ladha ya embe na rangi ya embe.

Baada ya viungo, fanya hesabu mbili. Ya kwanza ni ya sukari: gramu 4 ni sawa na kijiko kimoja cha chai. Ikiwa lebo ya soda inasema gramu 10.6 kwa kila mililita 100, chupa ya mililita 350 ina gramu 37, yaani vijiko tisa na ushei. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 25 au vijiko sita. Chupa moja imevuka. Lakini tuwe wakweli kwamba vikombe viwili vya chai, kila kimoja na vijiko vitatu, navyo vimekwisha kufika hapo bila kiwanda chochote kuhusika.

Hesabu ya pili ni ya chumvi. Lebo hutaja sodiamu, nayo huzidishwa kwa 2.5 ili kupata chumvi. Pakiti ya tambi yenye miligramu 900 za sodiamu, kwa mfano, ina gramu 2.25 za chumvi, karibu nusu ya kikomo cha gramu 5 kwa siku. Angalia pia kama takwimu ni za pakiti nzima au za sehemu yake, maana wapo wanaoandika kwa nusu pakiti huku wakijua fika kwamba hakuna anayepika nusu. Tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya TBS, shirika ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula nchini, ni za kuangaliwa pia, ingawa alama hiyo inasema kwamba bidhaa imekidhi kiwango, haisemi kwamba inafaa kuliwa kila siku.

Hatua ya tano: anza na vinywaji

Ukifanya hatua hii moja tu na kuziacha nyingine zote, bado utakuwa umefanya sehemu kubwa ya kazi. Sukari iliyo katika kinywaji hupita bila kushibisha, kwa hiyo mtu huinywa juu ya chakula chake na si badala ya chakula. Punguza kwa ngazi: aliyezoea kila siku abaki na siku tatu kwa wiki, kisha moja, na chupa kubwa ya plastiki isiingie nyumbani kabisa, kwa sababu kilichopo mezani hunywewa mpaka kiishe. Usihamie kwenye soda zisizo na sukari ukidhani umetatua jambo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu visivyo sukari visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito.

Ugumu wenyewe hauko kwenye kiu. Uko kwenye heshima. Kwetu, mgeni aliyevaa kanzu na kutoka Newala mpaka Mtwara mjini kuja kukujulia hali hupelekewa soda baridi na mtoto aliyetumwa mbio dukani, na kumwekea maji matupu mbele yake kunaweza kuonekana kama kumwambia aondoke mapema. Ukitaka kuibadili desturi hiyo, usiibadili kwa kutoa kidogo. Ibadili kwa kutoa kilicho bora. Dafu lililopasuliwa mbele ya mgeni ni heshima isiyo na mgogoro, nalo lina sukari chini ya nusu ya ile ya soda. Sahani ya korosho zilizokaangwa na maji baridi yenye ndimu hupokewa vizuri kuliko chupa, na mgeni wa kutoka mikoa mingine atazisimulia kwao. Kwa wazee, chai ya tangawizi isiyokolezwa sukari, na bakuli la sukari pembeni ajiwekee mwenyewe, huondoa lawama: "Karibu, baba, sukari hiyo hapo," na mara nyingi atatia kijiko kimoja mahali ambapo wewe ungetia vitatu. Ukiwa mgeni ni wewe, usikatae chupa iliyokwisha kufunguliwa kwa ajili yako. Kunywa kidogo, shukuru, mwachie mtoto wa nyumba glasi moja tu, na ziara ijayo tanguliza neno mapema kwamba utaomba maji.

Kipindi cha korosho tunayo pia mabibo, yaani matunda ya mkorosho, ambayo yana vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, nasi huyaacha yaoze chini ya mikorosho au yaishie kuwa pombe. Ukakasi wake hupungua juisi ikichanganywa na maji ya uji mwepesi wa mchele, ikaachwa itulie na kuchujwa. Hata hivyo juisi yoyote, hata ya kukamua mwenyewe, ina sukari iliyotolewa katika nyuzi zake. Glasi moja inatosha, na tunda zima ni bora kuliko glasi.

Kwa madereva wa bodaboda na wa magari ya usiku kwenye barabara ya Masasi, wanaotegemea vinywaji vya kuongeza nguvu, neno ni fupi. Kafeini huahirisha usingizi, haiufuti, na sukari iliyomo inabaki mwilini baada ya safari kwisha.

Hatua ya sita: asubuhi

Mkate laini uliopakwa siagi ya kopo, ambayo kwa kweli si siagi bali ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa, ndio uliochukua nafasi ya muhogo katika nyumba nyingi za mjini, na sababu yake ni muda. Muhogo au viazi vitamu vichemshwe jioni juu ya makaa yanayobaki baada ya chakula cha usiku, asubuhi vipashwe tu. Ming'oko ikiwa sokoni, chemsha kwa chumvi kidogo na chai. Ganda lake na utafunaji wake humfanya mtu ale taratibu. Muhogo una wanga mwingi na protini kidogo sana, kwa hiyo usiachwe peke yake: weka karanga, korosho, yai au kunde zilizobaki.

Hapa sina budi kutoa tahadhari, kwa sababu kurudi kwenye chakula cha asili bila maarifa yake ni hatari. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaotokana na kula muhogo usioandaliwa sawasawa, umewahi kutokea katika mkoa wetu wa Mtwara, hasa nyakati za ukame na njaa ambapo watu hufupisha siku za kuloweka na kuanika. Unga wa makopa usioujua ulikotoka ulowanishe kwa maji, utandaze kwenye ungo kwa safu nyembamba isiyozidi sentimita moja, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini ili sumu ipae, kisha pika bada, yaani ugali wa muhogo, siku hiyohiyo. Karanga zilizoota ukungu au kubadilika rangi tupa, usimpe hata kuku, kwa ajili ya sumukuvu. Na korosho ghafi zisichomwe jikoni penye watoto, kwa kuwa mafuta ya ganda lake huunguza ngozi.

Hatua ya saba: sufuria ya mchana na jioni

Tambi za pakiti huishinda mbaazi kwa jambo moja tu, nalo ni mkaa. Dakika chache dhidi ya saa mbili si mashindano, na mwandishi anayemwambia mama arudi kwenye mbaazi bila kutaja bei ya mkaa hajapika. Loweka mbaazi kavu usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya sufuria ikiwa imefunikwa vizuri, na upike za mlo wa mchana na wa jioni kwa mkupuo mmoja. Kwa joto letu usizilaze bila jokofu. Chumvi na nyanya zitiwe mbaazi zikishalainika, kwa sababu nyanya huchelewesha kuiva. Kisha kitunguu, bizari na tui la nazi. Kunde na choroko huiva mapema zaidi, na dagaa wakavu hawahitaji muda wowote wa kujivunia.

Vipande vya kiungo cha mchuzi vingi ni chumvi, wanga, mafuta na kikoleza ladha E621. Ukivitumia, usiongeze chumvi nyingine. Ukitaka kuviacha, punguza kwa nusu wiki ya kwanza, na ujaze pengo kwa kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, karanga za kusaga au ufuta uliokaangwa na kutwangwa. Kisamvu cha ufuta hakiombi msaada wa kiwanda. Ulimi huchukua wiki kadhaa kuzoea chumvi kidogo, na katika wiki hizo mtalalamikiwa.

Hatua ya nane: watoto

Mtoto chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama pekee, na biskuti iliyolowekwa kwenye chai si chakula cha kuanzishia mtoto yeyote. Kwa wa shule, fedha ya kila siku ndiyo mlango wa pakiti. Badala ya kuifuta, ipunguze na umfungashie muhogo, mahindi ya kuchemsha au karanga, maana mtoto asiye na kitu atakula cha mwenzake. Kamati za shule zina nguvu kubwa zaidi kuliko mzazi mmoja: zizungumze na akina mama wanaouza getini, wanaoishi kwa biashara hiyo, wakubaliane kuuza mihogo, maembe, machungwa na korosho za kukaanga karibu zaidi na geti kuliko krisipi na barafu za rangi.

Hatua ya tisa: tenga kabla ya kupima mzani

Kaya ya watu sita, kila mmoja akila gramu 80 za mbaazi kavu kwa mlo, hutumia karibu nusu kilo. Mara tatu kwa wiki ni kilo moja na nusu, na kwa mwaka ni kilo 78, chini ya gunia moja. Gunia hilo litengwe kabla ya mzigo kwenda ghalani, likaushwe vizuri na kufungwa katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ili lisiliwe na fukusi. Mwaka 2017 India, mnunuzi wetu mkuu, ilipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi na bei ikaanguka, wengi walibaki na mavuno mikononi. Inachekesha kidogo, na inauma kidogo, kwamba ilibidi mnunuzi akatae ndipo tukumbushwe kuwa mbaazi huliwa.

Sherehe ziacheni na sherehe zake. Harusi, unyago na maulidi haviharibu afya ya mtu kwa siku moja, na tambi za futari zilizopikwa kwa nazi na hiliki ni unga na maji tu. Kinachotakiwa ni kupunguza mkono wa sukari.

Hatua ya kumi: pima

Siku ya kwanza na baada ya miezi mitatu, pima kiuno usawa wa kitovu: sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke ndipo hatari huanza kupanda. Katika kituo cha afya pima shinikizo la damu, ambalo likiwa 140/90 au zaidi kwa kurudiwa linahitaji matibabu, na sukari kabla ya kula chochote, ambayo ikifika 7.0 kwa kipimo cha milimoli kwa lita huashiria kisukari. Kisha tundika kiroba tena kwa wiki moja na ulinganishe mikeka miwili.

Anayetumia dawa za shinikizo au kisukari asiziache kwa sababu amebadili chakula. Hasa anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi amweleze daktari kabla ya kupunguza sukari na wanga kwa ghafla, kwa sababu dozi ileile juu ya chakula kipya inaweza kuishusha sukari ya damu kupita kiasi. Akianza kutetemeka, kutokwa jasho la baridi na kuchanganyikiwa, apewe mara moja nusu glasi ya soda ya kawaida yenye sukari ikiwa bado anaweza kumeza, apimwe tena baada ya dakika 15, na apelekwe kituoni asipopata nafuu. Kwa ajili yake, chupa moja ndogo ibaki kabatini.